Mdahalo, mawe manne au wawili wawili? Njia za kuwafanya wanafunzi wa mwaka wa pili wabishane kwa Kifaransa

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kifaransa anajua kuagiza kahawa na mkate Paris, mji ambao hajautia mguu. Mwulize anaonaje kuhusu bodaboda wanaoegesha mbele ya soko, atakutazama usoni kwanza ili asome wewe unaonaje. Akikosa cha kusoma, anatoa jibu ambalo mimi nimelisikia mpaka nimelizoea: "Mwalimu, mimi sina maoni."

Anayo. Kengele ikilia utamkuta nje anabishana kuhusu Simba na Yanga mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

Nimefundisha Kifaransa hapa Mwanza, Kidato cha Pili asubuhi na watu wazima jioni: wafanyabiashara wanaokwenda Bujumbura na Goma, waongoza watalii, na wachache wanaojifunza kwa sababu tu wanaipenda lugha. Umri tofauti, ugonjwa mmoja. Wanachokosa ni sentensi ya kuanzia isiyowagharimu kitu, pamoja na mtu wa kumpinga ambaye si mwalimu. Kwa hiyo njia ninazolinganisha hapa nazipima kwa hayo mawili, kisha naongeza kipimo kikali zaidi: katika kipindi cha dakika 40, mdomo wa kila mwanafunzi unafunguka kwa dakika ngapi?

Kabla ya kuchagua njia yoyote

Kiswahili kinatupa msaada ambao walimu wengi hatuutumii, kwa kuwa Kifaransa chenyewe tulifundishwa kwa kupitia Kiingereza. Chukua "mimi naona". Mswahili anayetaka kubishana hatosheki na "naona" peke yake. Anatanguliza "mimi", kama mtu anayejivutia kiti. Mfaransa hufanya vivyo hivyo: Moi, je trouve que… Kwa Kiingereza ungelazimika kuieleza hiyo moi kwa sentensi tatu; kwa Kiswahili unaionyesha tu, darasa linacheka, mnasonga mbele.

Ila kuna mtego. Sisi tunaona kwa jicho na tunaona kwa akili, kitenzi ni kimoja. Basi mwanafunzi anasema je vois que le sato est bon, na Mfaransa anageuka kutafuta sahani iko wapi. Kwa Kifaransa maoni ya namna hii hukutwa: trouver ni kitenzi kile kile cha kukuta ufunguo uliopotea. Ukiliweka hivyo, halisahauliki.

Mtego wa pili unauma zaidi. Mwulize Mswahili, "Hupendi dagaa?" Kama hapendi, atajibu, "Ndiyo, sipendi." Mfaransa asiyependa, kwa swali hilo hilo, atasema Non. Na kama anapenda, hatasema Oui, atasema Si. Ni neno la herufi mbili lililowekwa maalumu kwa kumkatalia mtu aliyeuliza kwa kukanusha. Nimewahi kusimama pembeni nikiwasikiliza vijana wawili wakipambana kwa dakika nzima, mmoja akisema oui akimaanisha hapendi, mwenzake akielewa kwamba anapenda. Walikuwa upande mmoja tangu mwanzo.

Halafu kuna adabu. Mtoto aliyelelewa asimwambie mtu "umekosea" machoni, ukimpa Tu as tort ataimeza. Mpe C'est vrai, mais… Hiyo anaijua: ni ile "ni kweli, lakini" anayoitumia nyumbani kila siku akitaka kumpinga mjomba bila kuonekana anampinga.

Kuhusu Je ne pense pas que… (sidhani kwamba…), ushauri wangu ni kuiacha mpaka mwaka ujao. Inakibadili kitenzi kinachofuata, c'est inakuwa ce soit, na nimeona mabishano matamu yakifa kwa sababu mwanafunzi amesimama katikati ya sentensi akiitafuta soit dari nzima. Pour moi, ce n'est pas… (kwangu mimi, si…) inafanya kazi ile ile na haina mtego.

Sentensi sita ubaoni zinatosha: Moi, je trouve que… Parce que… (kwa sababu) Par exemple… (kwa mfano) C'est vrai, mais… Je ne suis pas d'accord (sikubaliani). J'ai changé d'avis (nimebadili mawazo). Ziandike kwenye kona ya juu na uzizungushie mstari ili mwalimu wa Jiografia asizifute.

Mdahalo

Mdahalo ndio unaotujia kwanza kichwani, maana sote tumekulia humo. Kuna mwenyekiti, katibu, mtunza muda, watetezi wa hoja upande huu na wapinzani upande ule. Hoja zenyewe tunazijua tangu utotoni: maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, elimu ni bora kuliko pesa. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi amepangiwa upande. Haogopi kuhukumiwa kwa maoni yake kwa sababu ametumwa kuyasema, na kwa mwenye haya huo ni mwavuli wa maana.

Mara ya kwanza nilipoandaa mdahalo wa Kifaransa, katika shule moja hapa mjini, darasa lilikuwa na wanafunzi 32. Nilipanga wasemaji wanane, dakika tatu tatu. Wa kwanza alisimama, akanyoosha shati, akaanza: Monsieur le président, madame la secrétaire, monsieur le gardien du temps, chers camarades… Salamu peke yake zilikula karibu dakika nzima. Kisha akasoma karatasi aliyoandikiwa na kaka yake aliyesoma Bujumbura. Kifaransa kilikuwa safi, na hakuna aliyekielewa, msomaji mwenyewe akiwemo. Mpinzani wake akasimama, naye akasoma ya kwake. Karatasi hizo mbili hazikujibizana hata kwa neno moja. Makofi yalikuwa mengi sana.

Hesabu yake ni rahisi: watu wanane wamekula dakika 24, na watu 24 wametoka na sifuri.

Unaweza kuurekebisha. Piga marufuku karatasi yenye sentensi nzima, ruhusu maneno matano tu. Salamu iwe moja, Bonjour à tous. Na kila msemaji baada ya wa kwanza alazimike kuanza kwa kurudia jambo moja alilosema aliyemtangulia, kisha ndipo aseme mais. Hapo angalau watasikilizana. Bado tatizo la 24 liko pale pale.

Wako watakaoniambia kwamba Wafaransa wenyewe wanalelewa kwa mdahalo. Si kweli sana. Wanalelewa kwa hoja iliyopangwa. Mtihani wa falsafa wa baccalauréat, ule wa kumaliza sekondari, ni wa saa nne, na tangu 2021 mtahiniwa anakutana pia na Grand oral, mtihani wa kuzungumza wa dakika 20 mbele ya watahini. Lakini huyo ana miaka 17 au 18 na lugha ni ya mama yake. Wa kwetu ana miaka 15 na vipindi vichache kwa wiki.

Mdahalo niupeleke wapi basi? Mwisho wa muhula, wakati kuna wageni na wanafunzi wanahitaji kuvaa vizuri na kuonekana. Hapo unapendeza.

Mawe manne

Walimu wengine wanaiita kona nne. Unasoma kauli, na kila kona ya darasa ni jibu: tout à fait d'accord, plutôt d'accord, plutôt pas d'accord, pas du tout d'accord (nakubali kabisa, nakubali kiasi, sikubali sana, sikubali kabisa). Mwanafunzi anakwenda anakoamini, na akifika anaeleza kwa nini yuko hapo. Kwenye darasa lenye madawati yaliyobanana hadi ukutani kona hazifikiki, lakini hapa Mwanza nani atakosa mawe? Mimi nawatoa nje. Mawe manne ya uwanjani yanakuwa kona zangu, na aliyebadili mawazo anashuka jiwe moja na kupanda lingine huku akisema J'ai changé d'avis. Watoto wanaipenda sentensi hiyo kwa sababu ya kule kuruka.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mwanafunzi ametoa maoni kabla hajafungua mdomo. Miguu imeshasema. Yule wa "sina maoni" anagundua amesimama juu ya jiwe pamoja na wenzake sita, na hawezi tena kusema hana.

Kasoro yake ni kiranja. Akitembea kiranja, nusu ya darasa inamfuata, na wasichana wanakwenda walikokwenda wasichana. Dawa ni kipande cha karatasi: kila mtu aandike namba ya jiwe lake kabla hajanyanyuka, na atembee na karatasi mkononi. Inapunguza, haimalizi.

Kwa dakika za mdomo, njia hii ni ya wastani. Kwenye kila jiwe wanazungumza wao kwa wao kwanza, halafu mmoja anasema kwa niaba yao, na huyo mmoja huwa ni yule yule. Nikibahatika, kila mwanafunzi anapata dakika moja ya Kifaransa chake mwenyewe. Naitumia kufungua mada, dakika kumi, kisha tunarudi ndani.

Wawili wawili, mara tatu

Hii ndiyo ninayoitetea, nakiri mapema.

Walimu wa lugha wanaijua kwa namba 4/3/2, na mmoja wa walioiandika sana tangu miaka ya 1980 ni Paul Nation wa New Zealand. Mwanafunzi anaeleza jambo kwa mwenzake kwa dakika nne, analieleza upya kwa mwingine kwa dakika tatu, halafu kwa wa tatu kwa dakika mbili. Jambo ni lile lile, muda unapungua, ulimi unalainika. Kwa mwaka wa pili dakika nne ni jangwa, kwa hiyo mimi nimepunguza: mbili, moja na nusu, moja. Ukizijumlisha ni dakika nne na nusu kwa kila mwanafunzi, wote 32, na pande zote mbili zinamaliza kwa dakika tisa za kuzungumza. Ongeza za kuhama na za kelele, umetumia robo saa. Linganisha na ule mdahalo.

Wanasimama mistari miwili wakitazamana. Mstari mmoja unasema, mwingine unasikiliza. Filimbi ikilia, mstari wa wasikilizaji unasogea hatua moja, na wa mwisho anazunguka kuja mwanzo.

Lakini kama ilivyo, njia hii haina upinzani. Msikilizaji ni sikio tu. Mimi nimeongeza sharti. Kabla ya kusogea, msikilizaji lazima aache sentensi moja ya C'est vrai, mais…, na msemaji lazima aibebe sentensi hiyo hadi kwa mwenzake anayefuata na kuijibu huko. Mpinzani wa kwanza ameondoka, lakini hoja yake imebaki kwenye mfuko wa msemaji.

Nitakuonyesha moja kwa karibu. Mada ilikuwa sato au sangara, yupi mtamu zaidi. Wakati mwingine nachagua mada nzito, na mada nzito zinalala. Ya samaki haijawahi kulala katika mji huu. Binti mmoja wa Ukerewe alianza raundi ya kwanza hivi: Moi, je trouve que le sato… le sato est bon… parce que… euh… Akatazama juu. Parce que le sangara a beaucoup d'huile (kwa sababu sangara ana mafuta mengi). Zilibaki sekunde kama tisini, akazimaliza kwa kucheka. Mwenzake akamwachia: C'est vrai, mais le sato a beaucoup d'épines (lakini sato ana miiba mingi). Épine ni mwiba wa mti. Mwiba wa samaki ni arête. Sikuingilia, nilipita tu nyuma yao na kuliandika neno hilo ubaoni.

Raundi ya pili binti aliubeba mwiba: Les enfants ont peur des… akageuka ubaoni… des arêtes, mais ma grand-mère enlève les arêtes (watoto wanaiogopa miiba, lakini bibi yangu anaitoa). Bibi ameingia, na hakuna aliyemfundisha amwingize. Raundi ya tatu, ya dakika moja, hakutazama juu wala ubaoni. Le sangara est gros, il est cher, il va en Europe. Le sato reste chez nous. Sangara ni mkubwa, ni ghali, anakwenda Ulaya; sato anabaki kwetu. Nilisimama. Huyu ndiye aliyeniambia wiki iliyopita hana maoni.

Kasoro zipo, na sitazificha. Kelele ni kama za mwalo wa Kirumba alfajiri; mwalimu wa darasa la jirani ameshanijia mara mbili. Kiswahili kinapenya, na kikichoka Kiswahili kinapenya Kisukuma. Huwezi kuwasikia wote, kwa hiyo makosa mengi yanapita bila kusahihishwa, na mwalimu anayeumwa na kosa lisilosahihishwa hatalala usiku. Mimi nachagua makosa mawili tu niliyoyasikia kwa wengi, nayaandika ubaoni mwishoni bila kutaja aliyeyasema. Makosa mengine yatakuja tena kesho, hayana haraka.

Sauti za WhatsApp

Kwa shule za sekondari njia hii haipo, kwa sababu wanafunzi hawaruhusiwi simu. Kwa darasa la jioni ni nzuri kuliko nilivyotarajia: unatuma swali, kila mtu anajibu kwa sauti isiyozidi dakika moja, na kila jibu lazima limjibu aliyetangulia. Mwenye haya anarekodi mara sita ndipo atume. Hiyo ndiyo faida na ndiyo kasoro. Atasema vizuri, ila hatajifunza kukatizwa, na maoni bila kukatizwa ni hotuba. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikuwa akinitumia sauti zake akiwa ndani ya basi la kuelekea Rusumo. Kifaransa chake kilinyooka, lakini alipofika Goma alirudi kunyamaza mteja alipomdakia.

Ukitaka cha kuwachokoza, Journal en français facile, taarifa ya habari ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ni dakika kumi kila siku, na lugha yake imelegezwa kwa makusudi. Kwa mwaka wa pili bado ni ngumu. Chagua habari moja tu, wasikilize mara mbili.

Uchague ipi

Kama unafundisha darasa kubwa lenye kipindi kimoja cha dakika 40, usihangaike: wawili wawili, kila wiki, mada ndogo za hapa hapa. Kama una vipindi viwili mfululizo na uwanja, fungua kwa mawe, rudi ndani kwa mistari miwili. Kama mkuu wa shule anataka kuona kitu, mpe mdahalo, ila wasemaji wako wawe wameshaizungumza hoja hiyo kwenye mistari kwa wiki tatu. Utashangaa jinsi karatasi za kaka zinavyopotea zenyewe.

Wanaolenga mtihani wa DELF, ule wa cheti cha kimataifa cha Kifaransa wenye ngazi za A1, A2, B1 na B2, wajue tofauti ya ngazi, maana itabadilisha uamuzi wako. Mazungumzo ya A2 ni ya dakika sita hadi nane: kujitambulisha, kueleza jambo, kisha igizo dogo la watu wawili. Hapo mawe na mistari vinatosha na kubaki. B1 inakwenda karibu robo saa, na sehemu yake ya tatu inakupa maandishi mafupi na kukutaka utoe mtazamo wako na kuutetea mbele ya mtahini mtu mzima usiyemjua. Kwa huyo wa B1 naongeza mdahalo mdogo wa watu wanne, bila mwenyekiti na bila salamu, maana lazima azoee kusema peke yake huku anatazamwa. Mistari haimfundishi hilo.

Darasa la watu wanane au kumi ni habari nyingine kabisa. Kaeni duara kama kijiweni, weka birika la kahawa, tupa swali, nyamaza. Sharti moja: wewe mwalimu usiseme unaonaje mpaka mwisho.

Na mada ichaguliwe kwa kuangalia dirishani. Muhula mmoja niliweka Kivuko au daraja? Daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya ghuba, lilizinduliwa Juni 2025, na nilidhani darasa zima litakuwa upande mmoja, kwamba hakuna atakayelitetea pantoni. Niliiweka kama mada ya kupumzikia.

Kwenye mistari, kijana mmoja aliyelelewa Kigongo alianza polepole. Raundi ya pili nikamsikia: Le pont est beau. Mais ma mère vendre où, maintenant ? Yaani, daraja ni zuri, lakini mama yangu atauza wapi sasa? Mama yake alikuwa akiuza mahindi na samaki wa kukaanga kwa magari yaliyopanga foleni ya pantoni. Mwenzake, wa Sengerema, alinyamaza kidogo, kisha akatumia sentensi ya ubaoni kama alivyofundishwa: C'est vrai, mais mon grand-père était malade, et on a attendu, attendu, attendu (lakini babu yangu alikuwa mgonjwa, na tukangoja, tukangoja, tukangoja).

Filimbi ilikuwa mkononi mwangu na muda ulikuwa umekwisha. Sikuipuliza. Pale kwenye vendre palikuwa na kosa la kitenzi, kubwa na la wazi, la aina ile ile ninayoiandika ubaoni kila wiki. Siku ile sikuliandika.